Titi la silikoni likipasuka: cha kufanya ukiwa Dodoma

Niliweka silikoni za matiti mwaka 2014, nje ya nchi, na niliporudi Dodoma nilimwambia mtu mmoja tu, mdogo wangu. Mwaka wa tisa ya kulia ikapasuka. Haikutoa mlio, haikuniamsha usiku, wala sikuwa nimeanguka popote. Nilikuwa najifunga khanga mbele ya kioo nikaona upande mmoja umepwaya juu na kujaa pembeni, karibu na kwapa. Nikajiambia ni umri. Nikakaa nayo hivyo miezi 11. Hospitali zipo, bajaji zipo, nauli ilikuwepo. Kilichokosekana ni mdomo wa kumwambia daktari nina nini kifuani.

Sababu ya kuweka ni yako. Wapo walioweka kwa kupenda, na wapo waliojengewa titi baada ya kukatwa kwa saratani. Silikoni ikichanika hatua ni zilezile. Mimi si daktari, ni mgonjwa aliyeuliza maswali mengi mpaka akajibiwa.

Hatua ya 1: Tafuta kadi yako

Anayewekewa silikoni hupewa, au anapaswa kupewa, kadi ndogo yenye jina la kiwanda, aina, ujazo kwa mililita, namba ya toleo na upande ilikowekwa. Yangu niliikuta ndani ya pasipoti iliyokwisha muda, imegandana na risiti ya hoteli. Ukiipata ipige picha, umtumie na mtu mmoja unayemwamini. Kama imepotea, iandikie hospitali iliyokuhudumia uombe ripoti ya upasuaji. Nyingine hujibu hata kwa WhatsApp.

Kwenye kadi unatafuta mambo matatu. La kwanza: ndani kuna jeli ya silikoni au maji ya chumvi? Ya maji ikipasuka hubahatishi, titi hunywea ndani ya saa au siku chache, na maji yenyewe mwili huyanyonya bila shida. Ya jeli ndiyo kimya, na ndiyo ninayoizungumzia hapa. La pili ni mwaka. Silikoni ya kwanza ya jeli iliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, na tangu hapo hazijawahi kuwa kitu cha kudumu maisha yote. Miaka ikisonga, na hasa ikivuka 10, ganda huchoka. La tatu ni kiwanda na aina ya ganda. Ukikuta jina PIP, mwone daktari hata kama huna dalili yoyote. Kiwanda hicho cha Ufaransa kilifungwa mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba kilijaza silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake wapatao 30,000 wazitoe, zilizopasuka na zisizopasuka, na mwaka 2013 mwenye kiwanda, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo. Na kama ganda lako ni la kukwaruza kama msasa, hasa aina ya BIOCELL ya Allergan ambayo kampuni iliiondoa sokoni Julai 2019, sehemu ya uvimbe wa ghafla huko chini isome mara mbili. Asiye na dalili hashauriwi kukimbilia kuzitoa hizo. Anatakiwa kuzijua tu.

Hatua ya 2: Elewa kilichochanika ni kipi

Mwili haumwachi mgeni akae hivihivi. Ukiwekewa silikoni, mwili hujenga ngozi ya kovu kuizunguka pande zote. Kwa hiyo una maganda mawili: la kiwandani, na hilo la kovu. Chukua mtindi uliofungwa kwenye pakiti, pakiti ikatiwa ndani ya mfuko wa rambo, zile za zamani kabla hazijapigwa marufuku. Pakiti ikichanika, mtindi unabaki ndani ya rambo, na anayepita nje haoni kitu. Kwa wengi mambo huishia hapo, ndiyo maana mtu anaweza kukaa na silikoni iliyopasuka miaka bila kujua. Rambo nayo ikipitisha, jeli hutoka ikaingia kwenye nyama ya titi au ikasafiri hadi kwenye matezi ya kwapa, na huko hutengeneza vinundu.

Kinachochana ganda mara nyingi ni umri wake tu, hasa pale lilipojikunja mahali pamoja miaka yote. Mara nyingine lilishaguswa na sindano au kisu siku lilipowekwa. Ajali ya gari ikikubana kifua inaweza, na sindano ya kuchukua kinyama iliyochomwa bila kuangalia kwenye picha inaweza pia. Ndege hailipasui. Kulala kifudifudi hakulipasui. Na jua la Dodoma la mwezi wa kumi haliyeyushi silikoni, ingawa hilo nimeambiwa kwa uso mkavu kabisa na mtu aliyesoma.

Hatua ya 3: Jikague mara moja kwa mwezi

Simama mbele ya kioo, mikono ikining'inia, kisha iweke kiunoni ubane kifua, kisha inyanyue juu. Titi lililobadilika umbo, lililopungua, lililohamia pembeni au kushuka kuliko mwenzake ndilo la kuuliza. Halafu lala chali, pitisha vidole taratibu kuanzia chini ya mfupa wa bega mpaka kwapani. Unatafuta uvimbe mpya, ugumu ambao mwezi uliopita haukuwepo, au kinundu cha kwapa. Wengine husikia kuungua, ganzi au kuchomachoma. Wengine hupata maumivu yasiyo na mahali maalumu.

Mikunjo inayoteleza chini ya vidole pembeni mwa titi, hasa kwa mwembamba, mara nyingi ni ganda tu lilivyokaa. Na titi kuwa gumu peke yake si ushahidi wa kupasuka, kwa sababu lile kovu linaweza kukaza na kuibana silikoni nzima ikawa kama mpira. Ila titi lililokuwa laini miaka likageuka gumu ndani ya miezi michache, hilo lipeleke.

Uchovu, maungo kuuma, nywele kukatika: mitandaoni yote hayo hutupiwa silikoni. Wapo wanawake wanaosema walipata nafuu walipozitoa, na siwabishii. Lakini hakuna kipimo kimoja kinachosema "hii ni ya silikoni", kwa hiyo anza na damu, tezi ya shingo, sukari na malaria kabla hujaiandikia silikoni kila kitu.

Usisubiri kumaliza kusoma kama una haya: titi jekundu na la moto likiambatana na homa, usaha kwenye kovu, ngozi inayonyooka na kung'aa kama inataka kufunguka. Hayo ni ya leo, nenda mapokezi ya dharura. Uvimbe wa ghafla wa titi moja, miaka mingi baada ya kuwekewa, hauhitaji king'ora lakini unahitaji daktari wiki hiyohiyo. Majimaji yakijaa kuzunguka silikoni hutakiwa kuvutwa kwa sindano chini ya ultrasaundi na kupelekwa maabara, kwa sababu ipo saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kwenye lile kovu, zaidi kwa wenye maganda ya kukwaruza. Si saratani ya titi. Ikikamatwa mapema hutibika kwa kutoa silikoni na kovu lake lote. Omba maabara wapime alama ya CD30, liandike jina hilo, kwa sababu bila hicho kipimo majimaji hayo yanaweza kupita kama majimaji ya kawaida.

Hatua ya 4: Usikande

Hapa nasema na shangazi na mama wakubwa wote. Mwanamke wa kwetu akisema titi linamuuma, kabla hajamaliza sentensi ndoo ya maji ya moto ipo jikoni. Mzazi hukandwa, na uzazini lina faida yake. Silikoni usiikande. Zamani hata madaktari walikuwa wanaliminya titi kwa nguvu ili lile kovu lililokaza lichanike, na wakaacha kwa sababu walikuwa wanapasua na silikoni yenyewe. Kama ganda limechanika na kovu bado linashikilia, wewe ukikanda unaisukuma jeli itoke nje ya mfuko uliokuwa unakulinda. Usichue na mafuta, usichanjwe, usipige chuku juu ya titi, na usimruhusu yeyote achome sindano "atoe usaha" bila kuangalia kwenye ultrasaundi.

Shangazi yangu alikuja na mafuta ya mbarika. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikayapaka magotini.

Hatua ya 5: Sema, na useme kwa jina

Kituo cha kwanza nilikokwenda hapa mjini sikitaji, maana nusu ya kosa ni langu. Kwa daktari nilisema tu, "Titi linanivuta." Nikaandikiwa ultrasaundi. Kijana akanipaka ile jeli ya baridi, akapitisha kifaa, akanyamaza, akarudia palepale.

"Mama, uliwahi kufanyiwa operesheni hapa?"

"Hapana."

Akaliangalia kovu chini ya titi, akaiangalia skrini, akaniangalia mimi. Halafu akaandika: vifuko vingi vya maji, titi la kulia. Nikapewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi baada ya miezi 6. Kijana hakukosa macho. Aliyeona alichoona alinyimwa jina la kukiitia.

Mara ya pili niliandika kwenye karatasi nyumbani, nikafika kwa daktari mwanamke, nikaisogeza mezani badala ya kusema. Iliandikwa hivi, na unaweza kuinakili: "Nina silikoni za jeli kwenye matiti yote mawili, mililita 300, niliwekewa mwaka 2014, chini ya msuli. La kulia limebadilika umbo tangu mwaka jana. Homa sina. Naomba niangaliwe kama imepasuka." Akaisoma, akatoa miwani, akasema, "Ahsante dada, umenirahisishia kazi." Basi. Miezi 11 yote niliiogopa sentensi hiyo moja.

Kitu kingine cha lugha. Vitabuni huviita "vipandikizi vya matiti", lakini kwenye kliniki zetu kipandikizi ni kile kijiti cha uzazi wa mpango. Mimi nilimwambia sista nina vipandikizi, akanishika mkono wa kushoto akaanza kupapasa. Sema silikoni, na uguse kifua.

Kwa Dodoma, pa kuanzia ni kliniki ya upasuaji kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, General kama tunavyoiita, au Hospitali ya Benjamin Mkapa kule jirani na Chuo Kikuu. Ukitoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, chukua barua ya rufaa hospitali ya wilaya kabla hujapanda gari, usije ukarudishwa dirishani. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, omba wakati wa kuandikishwa. Ukiangaliwa na mwanaume, una haki ya kuwa na sista au ndugu yako chumbani.

Hatua ya 6: Picha

Ultrasaundi ndiyo inaanza, kwa kuwa ipo, ni nafuu na haina mionzi. Mwambie anayekupima akuangalie matiti yote mawili na makwapa yote mawili. Ganda lililoporomoka ndani ya kovu huonekana kama mistari iliyopangana, vidato vya ngazi. Jeli iliyotoka nje ya kovu huonekana kama ukungu mweupe unaometameta. Wazungu huuita dhoruba ya theluji. Mimi daktari alinigeuzia skrini, nikaona chenga, zilezile za televisheni ya antena upepo ukivuma. Chenga hizo zilikuwa kwapani.

Ultrasaundi inategemea sana mkono na jicho la anayeishika. Ikisema hakuna kitu na wewe titi bado limebadilika, usikubali kuishia hapo, omba MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. MRI ndiyo inayoona vizuri kuliko zote: ganda lililochanika linaelea ndani ya jeli kama tambi kwenye bakuli la mchuzi. Kwa swali la kupasuka peke yake haihitajiki dawa ya kuchoma mshipani. Unalala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili, nusu saa au zaidi, na mashine inagonga kama mafundi bati. Vaa nguo isiyo na chuma. Aliyewekewa kifaa cha moyo aseme kabla. Anayetanuliwa ngozi kwa mfuko wenye sumaku ndani, ambao hutumika kabla ya kujenga titi baada ya saratani, naye aseme, huyo kwa kawaida haingii MRI.

Sasa jambo lililonigharimu safari ya bure. Mashine ya MRI kuwepo si sawa na MRI ya titi kuwepo. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize mambo mawili: mnayo koili ya matiti, kile kifaa cha matundu mawili? Na yupo wa kusoma picha ya silikoni? Wakisita kwenye la kwanza, tafuta kwingine.

Mamografia, eksirei ya matiti, haioni vizuri kilichochanika ndani ya kovu, huona zaidi jeli iliyokwisha kutoka. Usiiache kama umri wako unaitaka, kwani saratani ya titi haijasamehe wenye silikoni. Mwambie mpigaji kabla hajabana, ataisukuma silikoni nyuma na kupiga picha za ziada. Na kinundu chochote, hata ukiwa na hakika kuwa ni silikoni, kichunguzwe. Matezi ya kwapa yenye silikoni na matezi yenye saratani kwa vidole yanafanana.

Ripoti itaandikwa Kiingereza cha kitabibu. Usiondoke nayo mkononi bila majibu mawili kwa Kiswahili: imepasuka au ni mkunjo? Na jeli imetoka nje ya kovu au ipo ndani?

Hatua ya 7: Uamuzi

Ikithibitika imepasuka, ushauri wa kawaida ni kuitoa. Si mbio za ambulansi. Una wiki, mara nyingi hata miezi michache, za kutafuta fedha na mtu wa kukaa na watoto. Jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipitia tafiti zote mwaka 1999 na halikuona ushahidi kwamba silikoni inaleta saratani ya titi au magonjwa ya baridi yabisi. Kinachokuharakisha ni kwamba jeli ikiendelea kusambaa inazidi kuwa kazi ngumu kuikusanya. Kwa mgonjwa asiyeweza kuvumilia nusukaputi, daktari anaweza kuamua kufuatilia kwa picha tu. Mjamzito na anayenyonyesha wakae na daktari wapange wakati, kwa kawaida hakuna haja ya kumwachisha mtoto kwa hofu.

Unachoamua wewe ni kinachofuata baada ya kutoa. Unaweza kutoa na kubaki hivyo. Titi litalegea, ukubwa wa kulegea unategemea ngozi yako. Unaweza kutoa na kuinuliwa titi papo hapo au baadaye. Unaweza kuwekewa nyingine siku ileile kama hakuna maambukizi, ukijua unaanza kuhesabu miaka upya. Nami nashauri, hili ni langu, usiache ile nzima ya upande wa pili kwa sababu tu haijapasuka. Zina umri mmoja.

Kuhusu kovu: mpasuaji hutoa lote au sehemu, kadiri lilivyoharibika. Likiwa limeng'ang'ania mbavu, kulichomoa kwa nguvu kunaweza kutoboa utando wa pafu, na kipande kikiachwa si dhambi. Huko mitandaoni kuna wanaouza kwa bei ya juu upasuaji wa kutoa silikoni na kovu vikiwa kitu kimoja bila kufunguliwa. Mwenye ile saratani ya kovu anauhitaji. Wewe uliyepasukiwa tu, uliza kwanza faida yake kabla hujauza kiwanja. Matezi ya kwapa yenye silikoni yasiyouma kwa kawaida huachwa, kwa sababu kuyatoa kunaweza kuuachia mkono uvimbe wa kudumu.

Hatua ya 8: Mpasuaji, fedha, safari

Unayemtafuta ni mtaalamu wa upasuaji rekebishi. Ni wachache nchini, na wengi wako Dar es Salaam. Muhimbili, Upanga na Mloganzila, ndiko rufaa nyingi zinakoelekea. Jina lake lihakikishe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize amekwisha kutoa silikoni zilizopasuka ngapi, atafanyaje na jeli iliyotoka nje, na kama kovu na majimaji vitapelekwa maabara. Anayekuita chumba cha hoteli au saluni, mwache.

Bima mara nyingi hailipii urembo. Kupasuka lakini ni tatizo la kiafya, kwa hiyo mwombe daktari aandike sababu ya kitabibu, upeleke barua hiyo ofisi ya bima kabla ya operesheni na upate jibu la maandishi. Kwa anayelipa taslimu, omba mchanganuo: chumba cha upasuaji, nusukaputi, kitanda kwa siku, maabara, dawa, na siku za marudio. Maabara ndiyo husahaulika, ukakuta bili pembeni.

Kwenda Dar nilipanda treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, na kurudi pia. Siisifii bure. Barabara ya Morogoro ina matuta yasiyo na idadi, na kila tuta mgonjwa wa kifua analihesabu. Kaa Dar mpaka mipira ya kutoa majimaji kifuani itolewe na daktari akuangalie mara ya kwanza. Safarini nyanyuka utembee kila saa, damu isigande miguuni.

Hatua ya 9: Operesheni

Wiki kadhaa kabla, acha sigara na shisha. Taja kila dawa unayomeza, aspirini na dawa za miti shamba zikiwemo, maana baadhi huzuia damu kuganda. Siku yenyewe usile kwa saa watakazokuambia. Operesheni huchukua muda wa saa 1 hadi 3 hivi, chini ya nusukaputi, mara nyingi kupitia kovu lilelile la zamani.

Niliomba kuiona. Daktari akaniletea kwenye beseni la chuma: ganda limekunjamana kama mfuko mtupu, na jeli imegeuka manjano hafifu, inanata kwenye glovu yake kama ulimbo wa kutegea ndege. Alivuta kidole, ikamfuata. Nikaelewa kwa nini alisema ametumia muda mrefu kuosha, na kwa nini kidogo kilichobaki kwapani hakukigusa.

Hatua ya 10: Nyumbani

Mipira ya kutoa majimaji pembeni mwa kifua inatisha kuliko inavyouma. Nunua daftari, andika asubuhi na jioni imetoa mililita ngapi na rangi gani. Hospitali nyingi huitoa ikishuka chini ya 30 kwa saa 24.

Vaa sidiria ya kubana isiyo na waya usiku na mchana kwa wiki 4 hadi 6. Lala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito. Tembea ndani kuanzia siku ya kwanza. Ila ndoo! Dodoma maji yakikatika kila mwanamke ni mbebaji, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Usiinue, usitwange, usifue mashuka, usibebe mtoto mgongoni wala kifuani mpaka daktari akuruhusu, kwa kawaida wiki 4 mpaka 6. Usipande bodaboda. Vumbi la upepo wa Dodoma lisiguse kidonda. Kovu likishafunga, lifiche jua mwaka mzima lisije likawa jeusi.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe kama titi moja limejaa na kukaza ndani ya saa chache, homa imepita 38, kidonda kinatoa usaha, mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi zinakatika.

Hatua ya 11: Taarifa na makaratasi

Toa taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Silikoni ni kifaa tiba, na hospitali au wewe mwenyewe mnaweza kuripoti mkiwa na namba ya toleo iliyo kwenye kadi. Uliyewekewa mpya, weka kwenye simu kikumbusho cha ultrasaundi au MRI ya kwanza mwaka wa 5 au wa 6 hata kama hujisikii chochote, kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Hayo ndiyo mapendekezo ya mamlaka ya dawa ya Marekani tangu mwaka 2020.

Mimi sikuweka nyingine. Nilinunua sidiria ndogo mbili soko la Sabasaba na nikamwambia muuzaji mwenyewe kwa nini saizi imebadilika, jambo ambalo hakuwa ameuliza. Kadi ya zamani sikuitupa. Nimeibana pamoja na ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara kwenye bahasha moja, juu nimeandika "SILIKONI, KWAPA LA KULIA", kwa sababu kila ultrasaundi nitakayopigwa kuanzia sasa kuna mtu ataziona zile chenga na atataka kujua zimetoka wapi.